Viti Visivyo na Mshahara: Mhadhara juu ya Uteuzi wa Wajumbe wa Bodi za Miji



Jambo nililoombwa kulizungumza alasiri hii ni uteuzi wa wajumbe wanaokaa katika bodi za miji yetu bila mshahara: watu ambao magazeti huwataja siku mbili tu, siku ya kuapishwa na siku ya kashfa, na ambao baina ya siku hizo mbili huamua, au huwaachia wengine waamue, mtaro wa maji ya mvua upite wapi, soko lipanuliwe upande gani, taka zimwagwe mlangoni kwa nani, na uwanja wa watoto ubaki uwanja au ugeuke kituo cha matatu. Nimelikubali ombi hilo kwa furaha kwa sababu naliona jambo lenyewe limedharauliwa. Uchaguzi tumezoea kuukeshea, tukauimbia na mara nyingine tukaupigania, ilhali uteuzi, ambao katika miji yetu mingi umekwisha kukalia nafasi ya uchaguzi, tumeuacha upite kama tangazo la mnada wa gari bovu.

Nasema umekalia nafasi ya uchaguzi, wala sitii chumvi. Hadi uchaguzi mkuu wa Machi 2013, mji kama Malindi ulikuwa na baraza lake la manispaa, lenye madiwani waliochaguliwa na watu wa wadi zao na meya aliyechaguliwa na madiwani hao. Na ingawa mabaraza yale yalikuwa na aibu nyingi ambazo sina haja ya kuwahesabia watu waliozishuhudia kwa macho yao, hata hivyo mtu aliyeudhika aliujua mlango wa kubisha hodi, na kila ulipowadia mwaka wa kura alikuwa na njia ya kumrudisha nyumbani aliyemwudhi. Katiba ya mwaka 2010 ilipoleta serikali za kaunti, mabaraza hayo yalikwisha. Mwakilishi wadi wa leo hukaa katika bunge la kaunti akitazama kaunti nzima, mashamba yake na miji yake, na mji wenyewe, kwa kadiri ulivyo mji, hauna tena mtu hata mmoja aliyechaguliwa kwa ajili yake. Mahali pa baraza, Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 imeweka bodi, na wajumbe wa bodi hiyo huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Nairobi na Mombasa, kwa kuwa kila moja ni jiji na ni kaunti kwa wakati mmoja, zina habari yao mbali. Lakini Kisumu, na Nakuru iliyopewa hati ya jiji Desemba 2021, na Eldoret iliyoipata Agosti 2024, na manispaa zote za bara na pwani, zimo katika hukumu hii.

Basi katika miji hiyo, yule anayeteuliwa kwa barua moja ndiye aliyebaki badala ya yule aliyekuwa akichaguliwa kwa kura elfu, na hapo ndipo neno langu lote la leo lilipo: kwamba uteuzi huo unastahili macho yale yale, na wivu ule ule, ambao raia aliuweka zamani kwenye sanduku la kura.

Tuitazame sheria kwanza, maana haikuandikwa na wajinga. Inataka mjumbe awe raia wa Kenya, na awe mkazi wa mji au mwenye makao ya kudumu mjini, au mwenye kufanya biashara humo, au aliyeishi humo muda usiopungua miaka 5. Inataka baadhi ya wajumbe wapatikane kwa ushindani ulio wazi, na wengine wapendekezwe na makundi ya wenyeji: jumuiya za wataalamu, wafanyabiashara wa sekta ya kibinafsi, watu wa jua kali na biashara ndogondogo, na jumuiya za wakazi wa mitaa. Mjumbe hushika wadhifa kwa miaka 5, naye haajiriwi kwa kutwa nzima bali huja kwa vikao. Hapokei mshahara, isipokuwa posho iwekwayo na kamati kuu ya kaunti kwa idhini ya bunge lake na kwa shauri la Tume ya Mishahara. Aliyeyapanga maneno haya alikusudia kwamba muuza mitumba na mhandisi wakae meza moja, na mji usikilize ndimi zote mbili.

Lakini tutazame pia jinsi bodi zenyewe zilivyoundwa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilianza kutoa fedha kwa mpango wa kuisaidia miji ya Kenya, zikienda kwa kaunti 45, yaani zote isipokuwa zile mbili nilizozitoa nje ya habari yetu, na miongoni mwa masharti ya kuzipata lilikuwamo sharti la kuwa na bodi iliyokwisha kuundwa. Mwaka 2019 sheria nayo ikarekebishwa, kima cha watu wa kuuita mji manispaa kikashuka kutoka 250,000 hadi 50,000, na cha kuuita jiji kutoka 500,000 hadi 250,000. Natija yake ni kwamba miji mingi, ambayo kwa miaka kadhaa haikuona haja ya bodi, ilijikuta ghafla yaihitaji, na yaihitaji upesi. Simlaumu aliyetoa fedha, kwani bila ya sharti lile pengine tungalikuwa bado twasubiri. Wala barabara zilizotiwa lami na taa zilizowashwa kwa fedha zile si jambo la kubezwa. Lakini mwenye kutafuta wajumbe huku fedha zikiwa zimesimama mlangoni hana budi kushika walio karibu, na walio karibu na ofisi ya gavana, katika kaunti yoyote na chini ya gavana yeyote, ni watu wanaojulikana: aliyeshindwa katika kura za mchujo na anayehitaji kutulizwa, mwenye kampuni aliyechangia kampeni, mstaafu mwenye heshima asiyeweza kusema hapana, na kijana mmoja au wawili ili orodha ipendeze.

Hayo ya kuteua watu wa kupendeza orodha hayakuanza kwetu jana. Katika zama za ukoloni Eliud Mathu aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944. Tanganyika wakateuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali mwaka 1945. Na Unguja akateuliwa Sheikh Ameri Tajo mwaka 1946. Walikuwa watu wenye akili na murua, na wengine wao walisema ndani ya mabaraza yale maneno mazito. Lakini kila mmoja alikaa pale akiwabeba watu wengi ambao hawakumtuma, kwa hisani ya mtawala ambaye hawakumweka, na raia alipouliza ni nani aliyempeleka bwana yule, jibu lilikuwa moja. Huko Marekani nako, katika miaka ya 1960, serikali ilipoagiza miji yake iwashirikishe maskini katika mipango ya kuiendeleza mitaa yao, bibi mmoja aliyeijua kazi ile kutoka ndani, Sherry Arnstein, aliandika mwaka 1969 makala ambayo wanafunzi wa mipango miji huisoma hata leo, akayapanga madaraja 8 ya ushiriki wa raia kwa mfano wa ngazi, kuanzia hila tupu chini kabisa hadi raia kushika hatamu juu kabisa. Kuwateua maskini wachache wa kuaminika na kuwaingiza katika bodi ambamo wengi wa wajumbe ni wakubwa, alikuweka daraja la tano, akakuhesabu kuwa ni kutuliza watu. Daraja la tano si la chini kabisa, na yapo mengi mabaya kuliko hilo. Lakini mtu aliyetulizwa hajasikilizwa.

Sasa nije kwenye kile kiti chenyewe kisicho na mshahara, maana hapa ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi, nalo ni kosa ambalo halitokani na uovu wa mtu. Tunasema kwa fahari kwamba mjumbe anajitolea, na tunadhani kwamba kwa kutomlipa tumewafukuza wenye tamaa na kuwabakisha wenye nia safi. Tumtazame mama anayekaanga samaki kando ya soko. Alfajiri yuko pwani anangoja mashua. Akipata vibua na changu kwa bei inayolipika, anarudi, anapara magamba, anatia chumvi na ndimu, na saa tano mafuta yake yamekwisha kuchemka kwa ajili ya wachukuzi na mafundi watakaokula adhuhuri. Watu wa biashara ndogondogo wamempendekeza, gavana amemteua, bunge limekubali, picha imepigwa. Kikao cha kwanza kinaitwa saa nne asubuhi. Kinaanza saa tano na nusu, kwa kuwa mwenyekiti yuko njiani. Makabrasha yenye unene wa msahafu yanagawiwa pale pale mezani, kwa Kiingereza. Saa sita na nusu huletwa chai na sambusa. Saa saba ajenda ya nne, iliyohusu mtaro wa sokoni, yaani hiyo hasa iliyomleta, inaahirishwa kwa sababu mhandisi ameitwa makao makuu ya kaunti. Posho yake itaingia baada ya miezi mitatu, ikiwa bajeti imepitishwa. Samaki hawakungoja, wamelala kwa hasara, na mtaji wa kesho umekatika.

Atakuja kikao cha pili, kwa kuwa ni mwungwana na ameahidi. Cha tatu ataleta udhuru. Cha nne kumbukumbu za mkutano zitaandika kwamba hakufika, na mtu atasema, kwa dhati kabisa, kwamba watu wa biashara ndogo hawana moyo wa kuitumikia jamii. Ilhali yule mwenye kampuni ya ujenzi, ambaye duka lake linauza bila yeye na gari lake linamleta hadi mlangoni, hakukosa hata siku moja, na mahudhurio yake yatatajwa kwa sifa. Naye huenda ni mtu mwema. Lakini yeye hajui kwamba maji ya masika hayaufuati mfereji uliochorwa na mhandisi bali hukata nyuma ya ghala na kutokea penye mabucha, na yule mama anajua, kwa sababu ndiye anayeyafagia.

Kiti kisicho na mshahara, basi, chaweza kuwa chujio, na wanaobakia juu yake ni wale ambao kukaa bure hakuwagharimu kitu, na wale ambao kukaa bure kutawalipa kwa njia nyingine. Waathene wa kale waliliona hili karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Perikles alipoanzisha ujira kwa wananchi wanaokaa barazani kuhukumu kesi. Wakubwa wakamlaumu kwamba anawaharibu watu kwa fedha, lakini bila ya ujira ule mvuvi na mfinyanzi wasingaliweza kuiacha kazi yao. Wala hatuna haja ya kwenda hadi Athene. Hapa pwani kila mji una misikiti, visima, mashamba na majumba ya wakfu, na mutawalli wa kuyaangalia ambaye hakufanywa mutawalli ili atajirike. Na kila aliyepata kukaa katika darasa la fiqhi anaijua kanuni ya msimamizi wa mali ya yatima, kwamba aliye tajiri ajizuie, na aliye fukara achukue kwa kadiri ya haki. Kanuni hiyo haikusema wote wasichukue, wala haikusema wote wachukue sawasawa. Imemtazama mtu na hali yake, ikakubali kwamba ufukara si ila ya kumwondolea mtu amana, na kwamba amana isiwe sababu ya kumzidishia ufukara. Sijaona mahali ambapo kanuni za posho za serikali zimefikia busara hiyo; posho zetu ni sawa kwa wote, na kwa hivyo ni ndogo mno kwa mmoja na ni za bure kwa mwingine.

Mtaniuliza, basi afanyeje mwenye kuteua, naye amefungwa na sheria, bajeti na Tume ya Mishahara? Mengi yamo mikononi mwake bila kuongeza shilingi. Kikao cha bodi chaweza kuitwa baada ya sala ya alasiri, au Jumapili, siku ambayo hata wenye kazi za ofisi wako huru. Makabrasha yaweza kufika nyumbani kwa mjumbe siku saba kabla, na muhtasari wake uwe kwa Kiswahili, ambayo ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, na ambayo sioni sababu ya kuiona inafaa kuombea kura na haifai kujadilia mtaro. Posho yaweza kulipwa siku ile ile ya kikao. Na ajenda ya watu wa soko yaweza kuwa ya kwanza badala ya kuwa ya nne. Haya ni mambo madogo, nami nimeyasikia yakidharauliwa na watu wakubwa wanaopenda kuzungumzia dira na mikakati. Lakini ndiyo yanayoamua ni nani atakayekuwapo mezani mkono wa kura unapoinuliwa.

Kuhusu ni nani apendekeze, sheria imekwisha kusema makundi ya wenyeji, na inatosha. Ila kundi lenyewe laweza kuwa mhuri na sanduku la posta. Jumuiya ya wakazi iliyoandikishwa mwezi mmoja kabla ya tangazo la uteuzi, ambayo mwenyekiti wake, katibu wake na mtunza hazina wake wanakula sinia moja, haikusudiwi na sheria, hata kama karatasi zake zimetimia. Mwenye kuteua na aulize: mkutano uliomtaja mtu huyu ulifanyika wapi, walihudhuria wangapi, nani mwingine alitajwa na kwa nini hakupita. Na majibu hayo yabandikwe penye ubao wa soko na ukuta wa ofisi ya manispaa, pamoja na orodha ya waliotaka nafasi na ya walioteuliwa, kabla bunge la kaunti halijaketi kuyapitisha majina. Najua itasemwa kwamba kufanya hivyo kutawaaibisha walioachwa. Aliyetaka kuutumikia umma na asiweze kustahimili umma kujua kwamba alitaka, nadhani amepumzishwa mapema.

Lile sharti la makao na biashara, ambalo limetungwa kwa namna ya kwamba mwenye kutimiza moja ametimiza yote, lina mlango mpana zaidi ya inavyodhaniwa. Mtu aweza kuwa na hoteli ufuoni, analala mji mwingine, na akawa mjumbe halali wa bodi ya mji ambao usiku wake hajaujua. Sisemi asiwemo; mwenye hoteli anaajiri watu na ana haki ya kusikilizwa. Nasema tu kwamba bodi ambamo wengi wa wajumbe hulala mahali pengine itapenda sana taa za barabara kuu, na haitafahamu kwa nini wanawake wanaomba taa ya uchochoro.

Miji yetu ya kale haikuwa na magavana wala mabunge ya kaunti, lakini ilijua hatari ya upande mmoja kukaa peke yake. Lamu, kabla ya kuingia mkono wa Maskati, ilikuwa na baraza la wazee na nyumba yao ya shauri iliyoitwa Yumbe, na pande mbili za mji, Zena na Suudi, zikipokezana madaraka, hata upande uliokuwa nje ulijua zamu yake itafika na uliokuwa ndani ulijua macho ya nani yanauangalia. Haukuwa usawa wa watu wote; mtumwa na mgeni hawakuwa na kiti Yumbe, nasi hatutaki kuyarudisha hayo. Lakini lile la kupokezana lafaa kukumbukwa na magavana wanaotaka bodi nzima iwe ya watu waliowapigia debe. Bodi ya namna hiyo ni tulivu sana. Haimwulizi meneja wa manispaa swali hata moja, na siku serikali inapobadilika inaondoka yote kwa mpigo, mafaili na kumbukumbu na ahadi zake zikipotea pamoja nayo.

Na kwa kuwa nimetaja kuondoka, niseme neno juu ya barua ya uteuzi, kisha niwaachie nafasi ya maswali. Barua nilizopata kuziona huwa na salamu, kifungu cha sheria, tarehe ya kuanza, pongezi na sahihi. Ningependa kuona barua inayomwambia mjumbe amependekezwa na nani na anamrudia nani kutoa habari, walau mara moja kila robo ya mwaka, katika lile jukwaa la raia ambalo sheria hiyo hiyo imelianzisha na ambalo katika miji mingi halijakutana. Inayomtaka ataje, kwa maandishi yatakayowekwa wazi, viwanja anavyomiliki mjini, zabuni alizo nazo kwa manispaa na jamaa zake wa karibu walioajiriwa nayo, na atoke chumbani yanapojadiliwa. Inayomwambia ni vikao vingapi akikosa bila udhuru atahesabiwa amejiuzulu, na ni udhuru gani unaokubaliwa, ukiwamo wa bahari kuchafuka na mashua kuchelewa. Na inayomwagiza kwamba, miezi mitatu kabla ya muda wake kwisha, amkabidhi anayemfuatia makabrasha yake yote na kumtembeza mjini kwa miguu, mtaro kwa mtaro na uchochoro kwa uchochoro, amwonyeshe yaliyotimizwa, yaliyokwama, na aliyekwamisha. Barua yenye hayo haizidi kurasa mbili, na mwanasheria wa kaunti aweza kuiandika kati ya asubuhi na adhuhuri.